Kadi ya Mama Mkwe Niliyoipiga Lamineshen

Jamani, nianze kwa kukiri: yule mwanaume mwenye koti la kaki kwenye ile video, anayetafuna kadi mbele ya kaunta ya duka huku mama mmoja mwenye mtandio mweupe amesimama pembeni anamtazama, ni mimi. Najua wengi wenu mmeiona, maana Jumatatu ile nilipoingia ofisi ya walimu mlininyamazia kwa adabu, na mtu akikunyamazia kwa adabu ujue ameangalia mpaka mwisho. Sasa kwa kuwa Sumbawanga nzima inaisimulia na kila mtu anatia chumvi yake (kuna mmoja anasema nililia, sikulia, macho yalikuwa yananiwasha tu), nimeona bora mnisikie mimi mwenyewe, kisha tuyamalize.

Wasionijua wanijue kwanza. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao nikiwa mdogo, mimi nikaangukia ualimu wa hisabati huku mjini, na ng'ombe siku hizi nawaona barabarani kama mnavyowaona nyie. Ugonjwa wangu ni mmoja, kutunza. Nina faili la kila kitu, risiti ya jiko tulilokwisha kuligawa bado ninayo, na kitu nikikipenda sana nakipeleka steshenari kwa Dada Feli kikapigwe lamineshen. Vyeti vyangu vyote, ratiba ya vipindi, cheti cha ubatizo cha binti yetu Neema, mpaka ile sala ya kabla ya chakula iliyoko ukutani kwetu, vyote viko ndani ya plastiki. Mke wangu Yustina huwaambia wageni wasikae karibu yangu wametulia sana, nisije nikawapiga lamineshen na wao.

Mama yake Yustina anakaa Kate, huko Nkasi, mjane, mfupi, mwembamba, na akishika jembe huwezi kumfuata hata kama amekuzidi miaka mingapi. Tangu nimuoe binti yake ilikuwa imepita miaka minane na yeye alikuwa akiniita "mwalimu". Si kwa ubaya, hapana, ila wakwe wengine wa nyumba ile aliwaita "mkwe wangu" na mimi "mwalimu", na mtu unajua. Wakati wa posa alikuwa na wasiwasi kwamba mtoto wa wafugaji leo yuko hapa, kesho kafuata malisho (mimi ambaye hata mbuzi sina!). Na mimi nilivyolelewa, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye: humkazii macho, hukai naye meza moja, mkikutana njiani unampisha. Kwa hiyo miaka minane yote ilikuwa shikamoo mama, marahaba mwalimu, basi, kila mtu na njia yake.

Sasa Krismasi ile tulikuwa Kate wote. Kaka yake Yustina, Deo, dereva wa malori yanayovuka mpaka wa Kasesya kwenda Zambia, akaja na zawadi ya mama yake ndani ya bahasha nyekundu. Mama akaifungua mbele yetu, akatoa kadi ya karatasi ngumu yenye picha ya kengele na mshumaa, na chini yake ukanda wa rangi ya fedha, ule wa kukwangua kama vocha za simu za zamani. Akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Hii ni hela au siyo hela?" akauliza.

"Ni hela ya dukani, Mama," Deo akasema. "Lile duka kubwa jipya pale mjini, lile la kuchukua mwenyewe. Unaingia, unachagua unachotaka cha laki moja, ukifika kaunta wanakwangua hapa, wanaingiza namba kwenye kompyuta, unaondoka na vitu vyako. Nimetaka uchague mwenyewe. Kila mwaka nakuletea kitenge, sijawahi kukuuliza kama unakipenda."

Basi watu wakaanza kumshauri, nenda kesho, nenda keshokutwa, bei zitapanda, na yeye akawasikiliza wote, halafu akasema ataenda baridi ikianza, mwezi wa tano, akishavuna maharage, ndiyo atajua nyumba inahitaji nini. Kisha, ndugu zangu, akasimama, akapita mbele ya Deo, akapita mbele ya Yustina, akanishika mkono (mimi!) akaniwekea ile kadi kiganjani.

"Mkwe wangu atanitunzia," akasema. "Huyu ana faili."

Niliitikia kwa kichwa, nikatoka nje nikajifanya naangalia kuni. Miaka minane nimesubiri neno hilo, nimelipata kwa sababu ya faili, na nikaapa kimoyomoyo kwamba kadi hii hata dunia ipinduke itafika mwezi wa tano ikiwa nzima kama nilivyoipokea. Hicho ndicho kiapo kilichoniponza.

Tuliporudi mjini niliiweka kwenye faili la bluu. Usiku wa pili nikawaza panya. Nikaihamishia kwenye sanduku la chuma. Mvua za Januari zikaanza, mnazijua mvua zetu, mpaka chumvi inalia machozi kabatini, nikawaza unyevu. Halafu siku moja nikamkuta Neema amekaa sakafuni na vocha ya zamani aliyoiokota, anaikwangua kwa shilingi hamsini huku anaimba. Kesho yake mapema nilikuwa kwa Dada Feli.

Tena sikwenda hivi hivi. Nilikata kikaratasi cheupe, nikaandika kwa kalamu ya wino jina kamili la mama mkwe, kijiji, na namba yangu ya simu, nikakibandika kwa gundi nyuma ya kadi, ili hata ikiokotwa Wampembe ziwani huko ijulikane ni mali ya nani. Nyuma kulikuwa na vinamba fulani vidogo nikavifunika, niliviona havina kazi.

Dada Feli akaipokea, akaitazama. "Mwalimu, una uhakika?"

"Piga."

"Hii si ya kukwangua hii?"

"Itakwanguliwa mwezi wa tano," nikamwambia. "Sasa hivi inatunzwa. Weka ile plastiki nene."

Angalieni mtu mzima, mwenye diploma, anayefundisha watoto wa darasa la saba mantiki. Neno lenyewe nimelisema kwa mdomo wangu, "itakwanguliwa", na halikunigonga popote kichwani. Mashine ikaimeza upande huu, ikaitema upande ule, ikiwa ya moto na inang'aa, kingo zimekatwa vizuri, na mimi nikaipepea ipoe nikijiona baba wa familia kamili. Yustina nilipomwonyesha alisema tu, "Sasa hii si imekuwa kitambulisho?" Nikamwambia wivu.

Mwezi wa tano ukafika na upepo wake, ule wa Ufipa unaoingia mpaka kwenye mifupa ukiwa umevaa masweta mawili. Jumamosi moja ya katikati ya mwezi mama mkwe akateremka stendi asubuhi na ndoo ya maharage na migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani, ameifunga kwenye gazeti, amevaa kitenge cha sikukuu na mtandio wake mweupe wa kanisani. Kaenda dukani kama anayekwenda misa. Yustina alikuwa na zamu zahanati, kwa hiyo safari ikawa ya watu wawili, mimi na mama mkwe, jambo ambalo halijawahi kutokea, na njia nzima nilitembea nyuma yake hatua kumi kama mlinzi.

Duka lilikuwa limejaa, Jumamosi tena. Mimi nikasukuma toroli, yeye akatangulia, na kwa mara ya kwanza nikamwona mama mkwe akiwa na furaha ya wazi. Alishika kila kitu. Alinusa sabuni moja moja. Alifungua chupa za chai akachungulia ndani kama anaangalia kisima. Kila alichochagua alikiweka kwenye toroli, akatembea kidogo, akarudi kukirekebisha kikae vizuri. Chupa ya chai nyekundu. Sufuria yenye mfuniko wa kioo ("nione maharage yanavyochemka bila kufunua"). Kilo mbili za sukari. Na mwisho wa yote blanketi zito, lile la manyoya lenye picha ya chui, alilolikumbatia kwanza mbele ya watu, akalilaza shavu, ndipo akaliweka.

"La kwangu lilikwisha," akaniambia bila kunigeukia. "Mwaka jana nililala na gunia juu yake. Deo usimwambie."

Nikaitikia, na mkono wangu ukaenda mfukoni kupapasa kadi, na ilikuwepo, laini, salama. Nilikuwa na fahari, siwafichi.

Kwenye kaunta dada mmoja akahesabu vitu vyote, mashine ikawa inalia tii tii, jumla ikaja chini kidogo ya laki, mama mkwe akashusha pumzi, na mimi nikaitoa ile kadi kwa mikono miwili nikaiweka mbele yake kama naweka hati ya kiwanja.

Dada akaichukua. Akaitazama. Akapitisha ukucha juu ya ukanda wa fedha, ukucha ukateleza. Akapitisha tena.

"Baba, hii mbona imefunikwa?"

"Nimeitunza," nikasema.

"Sasa mimi nitakwangua wapi?"

Wenzangu, kuna ukimya. Kuna ukimya wa kanisani na kuna ukimya wa mtu ambaye ameelewa jambo akiwa amechelewa miezi minne. Huo wa pili ndio ulioniingia. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika kwenye rafu za mafuta ya kula, na mama mkwe akaniangalia (usoni kabisa, adabu zote zimevunjika) akauliza kwa sauti ndogo, "Kuna nini, mwalimu?"

Mnasikia? Mwalimu. Neno moja, na miezi yangu mitano ikafutika.

Hapo sasa ningesema, dada tulia, tukae pembeni tuifungue taratibu, labda tungepona. Lakini aibu haijui taratibu. Nikaikamata kadi nikajaribu kuichana kwa kucha. Haikuchanika, plastiki nene, si ndiyo niliyoiomba. Nikajaribu kwa ufunguo. Nikaona kila mtu ananitazama, na kabla akili haijanishauri chochote nikaitia mdomoni nikaanza kuitafuna ukingoni, kwa magego, huku nimefumba jicho moja. Ndiyo sehemu mliyoiona. Nilikuwa nang'ata na kuvuta, nang'ata na kuvuta, mwalimu wa taaluma, mbele ya mama mkwe ambaye hajawahi hata kuniona nikila.

"Si mwalimu wa hisabati huyo?" mama mmoja kwenye foleni akasema.

"Ndiye," mwingine akajibu. "Ndiye aliyetuambia kwenye kikao cha wazazi kwamba watoto wetu hawafikiri kabla ya kutenda."

Foleni ikacheka, na watu wakicheka hapa kwetu wanakuwa wameshaingia kwenye jambo, halikuwa tena langu peke yangu. Mmoja akasema ipashwe moto, mwingine akasema ukiipasha ndiyo umeimaliza kabisa, mzee mmoja mwenye kofia akasema yeye kadi ya kliniki ya ng'ombe wake aliifungua kwa wembe, na kijana wa rafu za vyombo akapewa amri akaja na kisu kipya kabisa, bado kina bei. Nikakiingiza kwenye ukingo niliokwisha kuutafuna. Kikapenya. Nikavuta ile plastiki polepole, pumzi nimezibana, foleni nzima imezibana na yenyewe.

Ikabanduka. Ila haikubanduka peke yake. Ilibeba ule ukanda wa fedha, na ukanda ukabeba ngozi ya juu ya karatasi, na chini yake zikabaki namba zimeparuzwa kama goti la mtoto.

Tukainama wote, mimi, dada wa kaunta na yule mzee mwenye kofia aliyekuwa ameshavuka foleni. Namba kumi na mbili. Kumi na moja zinasomeka. Moja tu, ya tisa, imekwenda na plastiki, kimebaki kipande cha juu kilichopinda.

"Mfumo unaruhusu kukosea mara mbili," dada akasema. "Ya tatu ukikosea, kadi inafungwa."

Nikamwambia niachie, hisabati ni kazi yangu. Nikaeleza kwa sauti, kama niko ubaoni, kwamba kipande cha juu kimepinda, kwa hiyo si moja, si nne, si saba, wala si tano, zimebaki sifuri, mbili, tatu, sita, nane na tisa, na kwa mpindo ule nane ndiyo yenye uwezekano mkubwa. Hesabu zilikuwa safi. Dada akaingiza nane. Kompyuta ikalia vibaya.

"Tatu!" foleni ikapiga kelele. "Weka tatu!" Nikakataa, wakasema kwa pamoja tatu, tatu, mpaka na mlinzi wa mlangoni akasema tatu, na mtu ukishaaibika unakuwa huna kauli. Tukaweka tatu. Kompyuta ikalia tena.

Imebaki moja. Dada akamgeukia mama mkwe, akamwambia kwa heshima, "Mama, ni mali yako. Chagua wewe."

Mama mkwe alikuwa amelishika lile blanketi kwenye kaunta, kiganja juu ya uso wa chui. Akalitazama blanketi, akatazama foleni, akanitazama mimi niliyekuwa na kipande cha plastiki kimening'inia kwenye mdomo.

"Mkwe wangu achague," akasema. "Yeye ndiye aliyeitunza."

Afadhali angenizaba kofi. Neno lilelile, mbele ya watu wote, na safari hii sistahili hata herufi yake moja. Nikatazama ule mpindo mpaka ukaanza kucheza machoni. Sifuri, mbili, sita, tisa. Nikasema tisa. Sijui kwa nini, nilisema tu tisa. Kompyuta ikalia mara moja ndefu, na dada akatazama chini.

Msimamizi wa duka akaja, mtu mpole, akatutoa pembeni, akasema isiwe taabu, nyuma ya kadi huwa kuna namba ndogo, kwa namba hiyo wanaweza kuitafuta kadi kwenye kumbukumbu na kutoa nyingine. Mama mkwe akaniangalia kwa matumaini. Mimi nikaigeuza kadi, tukakiona kile kikaratasi changu cheupe na mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Msimamizi akajaribu kukibandua kwa maji ya moto. Gundi ile niliinunua nzuri. Kikatoka na namba zote.

"Risiti mnayo?" msimamizi akauliza. Yaani mimi, mwenye risiti ya jiko lisilokuwepo! Risiti alikuwa nayo Deo, na Deo risiti zake huzitupia dirishani mwa lori, iko upande wa pili wa Kasesya huko, na bila risiti, kwa jinsi walivyouza kadi nyingi Krismasi ile, hawezi kujua ipi ni ipi. Nikatoa simu nimpigie Deo angalau aulizwe. Mama mkwe akaufunika mkono wangu kwa mkono wake.

"Usimpigie. Atasema mkwe wangu kaniharibia zawadi yake. Sitaki aseme hivyo."

Nikamwambia basi mama, nitalipia mimi, nipe mpaka mwisho wa mwezi, niwaombe waniwekee vitu. Akatikisa kichwa. "Zawadi hailipwi, baba." Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kuangalia. Dada wa kaunta alitaka kuvirudisha vile vitu, mama mkwe akamwambia acha mwanangu, akachukua toroli yeye mwenyewe, akaenda akirudisha kimoja kimoja mahali alipokitoa. Sukari. Sufuria na mfuniko wake wa kioo. Chupa ya chai, akahakikisha kizibo kimefungwa. Blanketi alilikunja upya vizuri kuliko lilivyokuwa, akalipiga piga, akaliacha. Nilimfuata nyuma kwa hatua mbili, sikuwa na akili ya kuhesabu kumi.

Tulipofika nyumbani Yustina alikuwa ameshatoka zamu na video ilishamfikia kutoka kwenye grupu la wazazi, mimi bado niko njiani. Wakaingia jikoni na mama yake wakaanza kuongea Kifipa, ambacho kwa miaka minane nimekijua kiasi cha kutambua ninapotajwa tu, na nilitajwa sana. Nikakaa sebuleni chini ya ile sala ya plastiki nikisubiri hukumu. Halafu ukatoka mlio ambao sikuutambua, kama mtu anakohoa, kumbe ni mama mkwe anacheka. Anacheka mpaka anashika ukuta. Nikachungulia, akaniona, akafunga jicho moja na kujifanya anatafuna, halafu akacheka tena mpaka akakaa kwenye ndoo ya maharage. Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja, maana nilijua jioni ile anarudi Kate kulala na gunia.

Mwisho wa mwezi mshahara ulipoingia nilikwenda duka lilelile (dada wa kaunta aliniuliza, "Baba, unalipa kwa nini?" nikasema taslimu, wakapiga makofi), nikanunua lile blanketi la chui, na shule zilipofunga mwezi wa sita nikapanda gari la asubuhi kwenda Kate peke yangu.

Nilimkuta uani anapepeta ulezi. Shikamoo mama, marahaba. Akaliona blanketi, akaweka ungo chini, uso ukakaza.

"Hili ni la kulipa kadi?"

"Hapana mama," nikamwambia. "Kadi imekufa, tumeizika. Hili ni langu, nimekuletea mimi."

"Basi nimelipokea." Akalipokea kwa mikono miwili, hapo hapo akapasua lile ganda la plastiki linaloliviringisha blanketi. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, "Mama, hilo ganda tungeli—" akanitazama, nikaurudisha mkono. Akajifunika blanketi mabegani juu ya kitenge, katikati ya mchana, akaingia ndani, na aliporudi alikuwa amebeba boksi kuukuu limefungwa kwa kamba ya katani.

"Baba yao alikuwa kama wewe," akasema, anafungua fundo. "Aliuza mahindi akanunua hii redio. Watoto wanataka kuisikiliza, anakataa, itachakaa, tutaiwasha Krismasi. Ilipofika Krismasi ulikuwa umepita mwezi mzima tangu tumzike. Na mimi nikaogopa kuitoa, nikaiweka tu. Nikaitunza." Ndani ya boksi ilikuwemo redio ya betri, mpya kabisa, antena bado imevishwa nailoni. Akaniwekea mapajani. "Siku ile dukani, unaitafuna ile kadi, nikamwona yeye. Nilikasirika kwanza. Kisha nikamwonea huruma. Wote wawili."

Nilikuwa nafuta antena kwa mkono wa shati.

"Usiitunze, mkwe wangu," akasema. "Iwashe."

Nilikimbia (nilikimbia kweli, na koti langu la kaki) mpaka dukani kwa jirani nikarudi na betri nne. Ilikoroma, ikakaa kimya, nikadhani na hii nimeiua, kisha ikatoa sauti ya mtu akisoma matangazo ya vifo, majina ya marehemu na ya ndugu zao wote, taratibu, na mama mkwe akavuta kigoda karibu, akajikunyata ndani ya chui wake akasikiliza kama ni muziki. Mimi nikakaa pale pale chini. Hatukuizima mpaka giza likaingia.

Kwa hiyo lamineshen nimeacha, Dada Feli ni shahidi, isipokuwa vyeti. Kadi ya zawadi, nikipewa mimi au mtu akinipa nimshikie, haitalala kwangu usiku hata mmoja, nitamkokota mwenye kadi dukani siku hiyo hiyo hata kama ni Krismasi na duka limefungwa, tutakaa mlangoni tusubiri. Watu husema akiba haiozi. Ni kweli haiozi, ila mwenye akiba anaoza, na mama mkwe wangu alilala na gunia mpaka mwezi wa sita kwa sababu nilimpenda nisivyojua kupenda.